Mwanga II, Kabaka aliyeuogopa mlango wa mashariki

KAMPALA. Basi la usiku linapoingia mjini alfajiri, abiria wenye mizigo hawahitaji kuuliza njia ya Kisenyi. Vinu vya mahindi vimekwisha kuanza kunguruma, wapagazi wamejitwika magunia, na ndani ya duka moja bei hupatanwa kwa Kiganda, Kisomali na Kiswahili. Mgeni hununua, hufungasha, hula, kisha huulizia saa ya basi la kurudi. Mara nyingi hubaki na nusu siku nzima ya kungoja tu. Wengi huilala nusu siku hiyo juu ya mizigo yao.

Wanaopenda kujua walipo huinua macho. Upande mmoja wa Kisenyi kuna kilima cha Old Kampala, chenye msikiti mkuu wa taifa na mnara unaoonekana kutoka mbali. Upande mwingine kuna Mengo, kilima cha ikulu ya Kabaka wa Buganda, ambacho mtu mwenye miguu mizuri anakipanda bila kuhitaji bodaboda. Inasemekana jina Mengo limetokana na neno la Kiganda la mawe ya kusagia. Basi kusaga si jambo geni katika sehemu hii ya mji.

Aliyekigeuza kilima hicho kuwa makao makuu ni kijana aliyetawazwa akiwa na umri wa miaka 16 hivi, Mwanga II. Jina lake linajulikana Afrika Mashariki nzima, na karibu kila anayelijua anajua jambo moja tu: kwamba aliwaua mashahidi wa Uganda. Ni kweli aliwaua. Lakini maisha yake yalipita pia katika njia zote ambazo wafanyabiashara wa leo wanazitumia, kutoka Busoga hadi Mwanza, kutoka Bukoba hadi Mombasa, na alikuwa miongoni mwa watawala wa kwanza wa eneo hili kuona njia ya biashara ikigeuka kuwa mpaka wenye askari.

Mwanga alizaliwa mwaka 1868, mtoto wa Kabaka Muteesa I. Alikulia katika ikulu iliyozoea wageni. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walikuwa wakifika Buganda tangu enzi za babu yake, Ssuuna II. Walileta nguo, shanga, bunduki na dini ya Kiislamu, wakaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Muteesa mwenyewe alikijua Kiswahili. Njia yao ilitoka pwani hadi Tabora, ikapanda Karagwe, kisha ikaingia Buganda kutoka kusini. Huo ndio uliokuwa mlango mkuu wa nchi, na Kabaka aliushika vizuri. Mgeni alisubiri ruhusa akiwa mbali, zawadi zake zikatangulia, na Kabaka ndiye aliyeamua nani aingie na auze nini.

Wamisionari Waanglikana walifika mwaka 1877, Wakatoliki wakafuata mwaka 1879. Muteesa aliwapokea wote, akawagombanisha, akawasikiliza, na hakumpa yeyote ushindi. Alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alipofariki Oktoba 1884 alimwachia mwanawe nchi yenye nguvu, jeshi la mitumbwi ziwani, na ikulu iliyojaa vijana waliokwisha kujifunza kusoma. Kuendesha mambo hayo yote kwa pamoja ni ufundi, na ufundi haurithiwi pamoja na kiti.

Mwaka 1885 Mwanga alihamia Mengo. Mwaka huohuo habari mbaya zilifika kutoka pwani. Wajerumani walikuwa wamejitwalia ardhi bara, na mwezi Agosti manowari zao zilitia nanga mbele ya Zanzibar kumtisha Sultani. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwa Mengo walilieleza jambo hilo kama watu waliokwisha kupata hasara, kwamba Mzungu huanza na kitabu, kisha huja na bendera. Kijana wa miaka 17 aliwasikiliza. Na kwa kuyatazama yaliyofuata katika miaka 15 iliyokuja, ni vigumu kusema walimdanganya.

Katika hofu hiyo ndipo Askofu James Hannington alipochagua njia yake. Badala ya kupita Tabora kama wengine, alitoka Mombasa, akakata nchi ya Wamaasai, akafika eneo la Mumias, akaacha sehemu kubwa ya msafara wake huko na kuendelea na watu wachache kuelekea Busoga. Kwake ilikuwa njia fupi. Kwa watu wa Mengo ilikuwa njia ya nyuma ya nyumba, na kulikuwa na imani ya siku nyingi kwamba atakayeimeza Buganda atatokea mashariki. Amri ilitumwa kwa chifu Luba wa Busoga. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu aliuawa pamoja na wapagazi wake wengi. Askofu ana makanisa yenye jina lake katika nchi kadhaa. Wapagazi walikuwa watu wa kazi, wabeba mizigo kwa ujira, na hawakumbukwi hivyo.

Dereva wa lori anayevuka Malaba au Busia leo na kupita Iganga na Jinja usiku, anapita karibu na njia ileile. Mlango ambao Mwanga aliuogopa kuliko yote ndio sasa unaoingiza sehemu kubwa ya bidhaa za Uganda.

Ndani ya ikulu alikuwapo mtu aliyethubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosea. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mkubwa wa wahudumu wa nyumba ya mfalme, Mkatoliki, kijana aliyeaminiwa. Alimlaumu bwana wake kwa kumuua mgeni bila kumpa nafasi ya kujitetea. Katikkiro, yaani waziri mkuu, ambaye alikuwa akimwonea wivu, aliitumia nafasi hiyo. Tarehe 15 Novemba 1885 Balikuddembe aliteremshwa kutoka kilimani hadi bonde la Nakivubo, akakatwa kichwa, mwili wake ukachomwa.

Nakivubo ni hapa hapa, hatua chache tu kutoka Kisenyi. Na soko kubwa linalopakana na bonde hilo, ambalo kila mfanyabiashara wa Afrika Mashariki analiita Owino, jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Watu huja kutoka nchi tano kununua mitumba chini ya jina la mtu aliyeuawa kwa sababu alitetea haki ya msafiri, na wengi wao hawajui.

Balikuddembe hakuwa wa kwanza. Januari mwaka ule vijana watatu Waanglikana walikuwa wameuawa Busega. Lakini kifo chake kilifungua mlango wa mauaji makubwa zaidi. Mei 1886 Mwanga alikuwa na baraza lake Munyonyo, kando ya ziwa. Alirudi kutoka kuwinda akiwa na hasira, akawakuta wahudumu wake hawapo mahali pao, wengine wakiwa katika mafundisho ya dini. Mgogoro ulikuwa umeiva kwa muda. Katika desturi ya Buganda, neno la Kabaka halikuwa na rufaa, na mhudumu alikuwa mali yake, mwili na roho. Vijana hawa walikuwa wameanza kuitikia amri nyingine, na walikataa baadhi ya matakwa ya mfalme wao, yakiwamo ya kimwili. Kwa Mwanga hilo lilikuwa uasi. Kwao lilikuwa imani.

Walihukumiwa Munyonyo, wakaongozwa kwa miguu hadi Namugongo, mahali pa kuulia watu upande wa pili wa mji. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto. Kati ya mwaka 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanaotambuliwa kwa majina waliuawa. Wakatoliki hao 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na kila Juni 3, ambayo ni sikukuu ya taifa Uganda, mahujaji humiminika Namugongo kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wengine hutembea kwa wiki kadhaa. Mwenye mzigo wa kupeleka Kampala katika siku za mwanzo wa Juni anafahamu jinsi barabara na vyumba vya kulala vinavyojaa.

Jambo moja husahaulika kila hadithi hii inaposimuliwa. Baada ya kuwaua, Mwanga hakuwamaliza. Mwaka uliofuata alikuwa akiunda vikosi vipya vya vijana wenye bunduki, na kati ya makamanda aliowaweka walikuwamo Wakristo na Waislamu walewale waliokuwa wakisoma. Alitaka watu wake mwenyewe, wasiokuwa wa machifu wazee wa baba yake. Mmoja wao alikuwa Apolo Kaggwa, aliyenusurika mwaka 1886 baada ya kupigwa na Kabaka mwenyewe. Kuwatesa watu, kisha kuwapa silaha, ni hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeona haifungi.

Kisha akaanza kuchimba ziwa.

Mgeni anayeshuka upande wa pili wa Mengo, kuelekea Ndeeba, atalikuta. Linaitwa Ziwa la Kabaka, na ni maji yaliyotulia katikati ya nyumba, yenye ndege wengi wa majini, na watu huketi kando yake jioni. Halikuwekwa na Mungu. Lilichimbwa kwa mikono, kwa majembe na vikapu, na Waganda walioitwa kutoka nchi nzima. Mpango ulikuwa kuchimba mfereji kutoka hapo hadi ziwa kubwa, ili Kabaka apande mtumbwi karibu na ikulu yake na kutokea Ziwa Victoria. Baadhi ya watu husema ilikuwa njia ya kutorokea. Vyovyote iwavyo, mtu aliyeogopa milango ya nchi yake alikuwa akijitengenezea mlango wake mwenyewe.

Kazi ile ilimgharimu kuliko mauaji. Waliouawa walikuwa makumi, lakini waliochimba walikuwa maelfu. Machifu wenye heshima zao walilazimishwa kushika matope, waliochelewa walitozwa faini, na vikosi vya vijana viliwanyang'anya wanavijiji ng'ombe na mbuzi. Mkulima ambaye hakujali habari za Wazungu wala za vitabu alijali ng'ombe wake. Mfereji haukukamilika hata siku moja. Ziwa lilibaki.

Septemba 1888 Mwanga aliamua kuwamaliza wasomaji wa dini zote, Waislamu na Wakristo pamoja, kwa kuwapeleka kisiwani na kuwaacha huko bila mitumbwi. Siri ilivuja. Waliotakiwa kufa kwa pamoja waliungana, wakapanda Mengo wakiwa na bunduki alizowapa mwenyewe, na Kabaka akakimbilia ziwani. Alikuwa na umri wa miaka 20. Kaka yake Kiweewa akawekwa mahali pake. Umoja wa washindi haukufika hata miezi miwili: Waislamu waliwafukuza Wakristo, kisha wakamwondoa Kiweewa kwa sababu alikataa kutahiriwa, wakamweka Kalema, ambaye naye aliwaua wana wa kifalme kwa wingi ili asipate mpinzani. Mwanga, kwa kukimbia, akawa mmoja wa wachache waliobaki hai.

Alikokimbilia ni kusini, Magu, katika Usukuma, pwani ya ziwa ambayo sasa ni Tanzania. Alifikia kwa wafanyabiashara Waarabu aliowahi kuwajua kama wateja wa baba yake. Walimpokea kama mtu asiye na mtaji, wakamnyang'anya alichokuwa nacho. Akatoroka hadi misheni ya Wakatoliki Bukumbi, karibu na Mwanza, akapokewa na mapadre wa dini ileile aliyoitesa.

Huko akapatana na mtu ambaye maisha yake yangetosha makala nyingine. Charles Stokes, Mwairishi, alikuwa mmisionari akaacha, akaoa mwanamke wa Kinyamwezi, akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki mwenye misafara mikubwa kati ya pwani na ziwa. Stokes alikuwa na mashua, na mashua ilihitaji mteja. Mwaka 1889 alimbeba Mwanga kuvuka ziwa pamoja na shehena ya bunduki na baruti. Mfalme alirudi kwao kwa mkopo wa mchuuzi. Kituo chao kilikuwa kisiwa cha Bulingugwe, na baada ya kuushika mji, kuupoteza na kuushika tena, Mwanga alikaa Mengo kwa uhakika mwanzoni mwa mwaka 1890. Stokes mwenyewe aliishia vibaya. Januari 1895 ofisa Mbelgiji alimnyonga huko Kongo, kwa shutuma za kuwauzia silaha maadui wa serikali ya Mfalme Leopold.

Mwanga aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Sasa alikuwa na deni kwa vyama viwili vya Wakristo vilivyomrudisha, na kila chama kilikuwa na machifu wake na bunduki zake. Na huko Ulaya, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano yaliyoendeleza mstari wa latitudo 1 kusini kutoka ziwani kwenda magharibi. Hakuna mtu wa Buganda wala wa Bukoba aliyeulizwa. Mstari huo ndio unaopita Mutukula. Kila anayesimama pale na karatasi zake mkononi akingoja muhuri anasimama juu ya mapatano yale.

Desemba mwaka huo Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza alifika kutoka mashariki. Alivuka bila kungoja ruhusa na akapiga kambi Old Kampala, akitazamana na ikulu ya Mengo. Tarehe 26 Desemba Mwanga alitia saini mkataba wake. Januari 24, 1892, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana katika mabonde ya vilima hivi, na bunduki ya Maksimu ya Lugard, iliyokuwa juu ya Old Kampala, ilisaidia Waprotestanti. Mgeni anayesimama Kisenyi yuko chini kabisa kati ya vilima vile viwili, na akili haihitaji ramani kuona risasi zilipita wapi.

Mwanga alikuwa upande wa Wakatoliki siku ile. Alikimbilia Bulingugwe, kisiwa kikashambuliwa, akaenda Buddu, akavuka hadi Bukoba kwa Wajerumani. Miezi miwili baadaye alirudi, kwa sababu Waingereza walihitaji Kabaka wa kutia saini na yeye alihitaji kiti. Wakatoliki walipewa Buddu, upande wa Masaka, na athari ya ugawaji huo inaonekana mpaka leo kwa idadi ya makanisa yao kando ya barabara ya Masaka. Mwaka 1894 nchi ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kudhalilika. Ushuru, ambao zamani ulikuwa wake, sasa ulikusanywa na wengine. Machifu wakubwa, Apolo Kaggwa akiwa Katikkiro, walisikiliza zaidi ofisi ya Waingereza kuliko ikulu. Kikaja kisa cha pembe za ndovu. Mwanga alijaribu kuzipitisha pembe zake kwenda upande wa Wajerumani bila kufuata masharti mapya ya ushuru, mzigo ukakamatwa, na Kabaka akatozwa faini. Hebu fikiria. Baba yake alikuwa ndiye forodha. Yeye amekamatwa kwa magendo, ya mali yake, katika nchi yake. Si kila anayeitwa mlanguzi mpakani alianza kuwa mlanguzi. Wengine mpaka uliwakuta barabarani.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Julai 1897 aliondoka Mengo kimya kimya, akapanda mtumbwi hadi Buddu na kutangaza vita. Watu wengi walimfuata, wa dini mbalimbali na wasio na dini mpya, kwani wapo waliokuwa wamechoshwa kama yeye. Tarehe 20 Julai alishindwa Kabuwoko na jeshi lililoongozwa na Meja Ternan. Akavuka mpaka akidhani Bukoba bado ni Bukoba ya mwaka 1892. Wajerumani walimkamata, wakamweka Mwanza, karibu tu na Bukumbi alikopata hifadhi miaka tisa kabla. Tarehe 9 Agosti aliondolewa kitini akiwa hayupo, na mwanawe Daudi Chwa akatawazwa akiwa na umri wa mwaka mmoja. Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri wakawa walezi wa kiti. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kukataa mkataba, na mwaka 1900 ulitiwa saini mkataba uliogawa ardhi ya Buganda kwa njia ambayo mahakama za Uganda zinaishughulikia mpaka sasa.

Mwanga hakukubali kwisha. Alitoroka Mwanza, akapita magharibi, akashindwa tena Buddu mwanzoni mwa mwaka 1898, akaendelea kaskazini hadi kwa Kabalega wa Bunyoro. Hapa ndipo kisa kinapogeuka kwa namna ambayo babu zake wasingeamini. Buganda na Bunyoro zilikuwa maadui kwa vizazi, na miaka michache nyuma jeshi la Buganda lilikwenda pamoja na Waingereza kumfukuza Kabalega kutoka nchi yake. Sasa wafalme wawili wasio na nchi walilala katika vichaka vimoja vya Lango, wakila walichopata. Kama wangepatana miaka kumi mapema, historia ya eneo hili ingeandikwa vingine. Tarehe 9 Aprili 1899 walikamatwa. Katika kikosi kilichowakamata alikuwamo Semei Kakungulu, jenerali Mganda aliyekulia katika siasa za Mengo. Kabalega alipigwa risasi mkononi, na mkono ukakatwa.

Walishushwa pwani wakati reli ilikuwa bado haijafika ziwani. Waliipita Kisumu, wakafika Mombasa, wakapelekwa Kismayu, na mwaka 1901 wakavushwa bahari hadi visiwa vya Shelisheli. Njia ya mashariki, ile aliyomwulia askofu ili ibaki imefungwa, ndiyo iliyomtoa yeye nje ya nchi.

Shelisheli kulikuwa na wafalme wengine waliofungwa na Waingereza, akiwamo Prempeh wa Asante kutoka nchi inayoitwa sasa Ghana. Huko Mwanga alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, akachukua jina Danieri. Wapo wanaoona katika ubatizo huo toba, na wapo wanaoona mtu aliyechoka na asiye na lingine la kufanya. Alifariki tarehe 8 Mei 1903, akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Kabalega aliishi miaka 20 zaidi, akaruhusiwa kurudi, akafia Jinja mwaka 1923 kabla ya kuiona Bunyoro.

Maiti ya Kabaka ililala ugenini miaka saba. Agosti 1910 ilirudishwa Buganda ikazikwa Kasubi, pembeni mwa baba yake.

Kasubi si mbali na Kisenyi. Taksi za barabara ya Hoima hupita karibu, na mwenye haraka atapanda bodaboda. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni kubwa, ya duara, imeezekwa nyasi hadi karibu na ardhi, na ndani ya paa kuna pete 52 kwa idadi ya koo za Buganda. Muteesa I aliijenga kama ikulu mwaka 1882. Ilitangazwa urithi wa dunia mwaka 2001, ikateketea kwa moto usiku wa Machi 16, 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Anayeingia huvua viatu, na mwanamke huvaa gauni au sketi ndefu au kujifunga leso. Ndani huketi chini juu ya mikeka. Nyuma ya pazia la kitambaa cha gome la mti wamelala makabaka wanne: Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II aliyekuwa kabaka mchanga, na Muteesa II, ambaye naye alifukuzwa Mengo mwaka 1966 jeshi lilipoivamia ikulu, akafia London mwaka 1969 na kurudishwa nyumbani mwaka 1971.

Waganda hawapendi kusema kabaka amekufa. Husema amepotea. Wanawake wanaolitunza kaburi humzungumzia Mwanga kama mwenye nyumba ambaye hayupo kwa sasa, na mgeni anayetoka Owino na mfuko wake wa mitumba, baada ya kuacha sadaka yake kikapuni, hupewa mkeka na kukaa kama wengine.